Matone ya Zebaki na Kopo la Mgeni

Watu walionifahamu miaka ile husema nilikuwa na maringo. Siwapingi. Katika milima yote ya Masisi, ukipanda kutoka Sake hadi pale njia inapoanza kuteremkia misitu ya Walikale, mimi peke yangu ndiye niliyejua kuiuliza zebaki swali na kupata jibu. Nani asingeringa?

Niliajiriwa kuosha vyupa. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kwenye kituo cha watoto dhaifu kilichokuwa juu ya kilima, kati ya mashamba ya maharage na malisho ya ng'ombe. Kituo kilikuwa na chumba kimoja cha labo, yaani maabara, na ndani ya labo alikaa mkemia, mzungu, mwanamke mrefu asiyependa kelele. Niliosha vyupa vyake mwaka mzima nikiwa kimya, huku macho yakifanya kazi kuliko mikono. Siku moja alitoka nje kidogo, akarudi akanikuta nimepandisha chupa ya zebaki kwa upana wa kidole, kwa sababu matone yalikuwa yanachelewa. Nilijua kazi imekwisha. Badala ya kunifukuza akavuta kigoda, akaniambia niketi.

Mashine yenyewe haikuwa ya kutisha. Chupa ya zebaki ilining'inia kwenye fimbo ya chuma. Kutoka kwenye chupa ulishuka mpira, na mwisho wa mpira kulikuwa na kijibomba cha kioo chenye tundu jembamba kuliko unywele. Zebaki ilipita humo ikadondoka tone kwa tone ndani ya kikombe chenye maji tunayotaka kuyapima. Tone lilinenepa kwa sekunde nne hivi, likaanguka, likaja jingine safi kabisa. Tulipitisha umeme kidogo kutoka betri ya lori, tukiongeza nguvu yake hatua kwa hatua, na kidoa cha mwanga kutoka kwenye kipimo cha umeme kikatembea juu ya rula kutuonyesha umeme uliopita ni kiasi gani. Mimi niliandika, kisha nikachora kwenye karatasi ya miraba.

Sasa, vitamini C ina tabia yake. Umeme ukifika nguvu fulani, vitamini hiyo inaiachia zebaki umeme wake kidogo bila ubishi, na kidoa kinaruka. Kwenye karatasi unapata mstari uliolala, halafu ngazi, halafu mstari umelala tena. Ngazi hiyo tuliita wimbi. Wimbi likiwa refu, vitamini ni nyingi. Likiwa fupi, ni kidogo. Lisipokuwepo, unakunywa maji matupu. Hesabu yote ni hiyo. Yaliyobaki ni usafi na subira, na mimi vyote viwili nilikuwa navyo kabla ya kufika pale.

Wimbi la kwanza nililojifunza, hata hivyo, lilikuwa la shaba. Mkemia aliyeyusha chembe ya mrututu, lile jiwe la buluu, akaniambia nilitafute mpaka niweze kulitambua kama ninavyotambua mwendo wa mama yangu. Wimbi la shaba linageukia upande wa pili, kwa sababu shaba inachukua umeme badala ya kuutoa. Nililichora mara thelathini. Aliangalia la thelathini, akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Uhuru ulipokuja, akaondoka. Aliniachia ufunguo, vitabu viwili vya Kifaransa na kichupa cheusi cha unga safi wa vitamini wa kulinganishia. Wengi walidhani labo itafungwa. Haikufungwa hata wiki moja.

Shida ilikuwa moja tu, hewa. Hewa iliyoyeyuka ndani ya maji nayo inachukua umeme, inatengeneza wimbi lake kubwa, na kufunika mawimbi madogo ya wengine. Kwa hiyo kabla ya kupima lazima uifukuze kwa kupitisha gesi nyingine ndani ya maji. Zamani gesi hiyo ililetwa kwenye mitungi kutoka mbali, kupitia Goma. Baada ya uhuru barabara zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, na mitungi haikuonekana. Nilikaa siku tatu nimeshika tama. Siku ya nne nikaenda nyumbani kumtembelea mama, nikamkuta anatengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nami nikasikia mtungi wake ukitoa pumzi: bwu, bwu, bwu. Nikacheka peke yangu hadi mama akaniuliza kama nina homa. Kinachotoka kwenye pombe inayochachuka si hewa ya kawaida, na vitamini haina ugomvi nacho. Nilirudi labo na damajani, ile chupa kubwa ya kioo, lenye juisi ya ndizi na mtama, nikaliziba kwa kizibo, nikatoboa, nikapitisha mpira. Lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nimetarajia mazuri.

Mwuguzi mkuu wa kituo hakufurahi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, na sisi sote tulimwita Papa. Alisimama mlangoni akivuta pua.

"Dada, hii harufu iko ya nini?"

"Iko ya siyansi, Papa."

"Siyansi iko nanuka kasiksi?"

"Kama iko nafanya kazi yake muzuri, ndiyo."

Aliniangalia kwa muda, akaliangalia damajani, akaenda zake. Jumapili alihubiri kuhusu ulevi, na watu wote wakageuza shingo kuniangalia. Sikuinamisha kichwa. Sikuwahi kuonja hata tone la damajani lile.

Nimeyasimulia haya ili mtu aelewe jinsi nilivyokuwa nimejaa uhakika nilipofanya kosa langu.

Watoto wa kituo walikuwa wanapewa maziwa ya unga yaliyochemshwa, na kwa kuwa maziwa hayo hayana vitamini C ya maana, kila mmoja alipewa pia juisi ya marakuja, yaani pasheni, kopo moja asubuhi na moja mchana. Marakuja yalijaa kwenye ua wa kila nyumba, hayakuwa na shida. Kazi yangu ilikuwa kuipima juisi Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Mama wa jikoni aliniletea kopo la enameli limefunikwa kitambaa, nikapima, nikaandika kadi: juisi ni nzuri, vitamini ni ya kutosha. Nikaweka sahihi, nikabandika kadi kwenye mlango wa jikoni. Mwezi hadi mwezi wimbi lilisimama refu na zuri.

Ndipo alipokuja nyanya mmoja kutoka Walikale. Binti yake alikuwa amekufa siku chache baada ya kujifungua, na nyanya alitembea siku nne kutoka msituni akiwa na kichanga mgongoni, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna maziwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mke wa mwindaji, mwenye sauti nzito na macho yasiyoogopa mtu. Mtoto alikunywa maziwa yetu, akanenepa mashavu, na kwa miezi sita sote tukamwona kama ushindi wetu. Kisha akabadilika. Aliacha kujaribu kuketi. Alilala chali, mapaja yameachana na magoti yamekunjwa kama chura, na mtu akimgusa miguu alipiga kelele ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Nyanya hakuweza tena kumweka mgongoni. Kwa mwanamke wa kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto asiyekaa mgongoni anakufunga mikono yote miwili. Hulimi, hutwangi, huvuki mto, huendi popote. Alimbeba juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea, akiwa amemtandikia vitambaa, akitembea polepole kana kwamba amebeba mayai.

Papa alimchunguza, akasema ni ugonjwa wa kupooza, ule unaoacha watoto vilema. Hakuna dawa, akasema. Tungoje daktari wa mzunguko, ambaye njia ilikuwa imemzuia wiki kadhaa.

Lazima niseme ukweli. Katika kimoja cha vile vitabu viwili kulikuwa na picha ya mtoto amelala hivyohivyo, magoti nje, na chini yake maandishi kwamba watoto wanaonyweshwa maziwa yaliyochemshwa bila matunda hupata hali hiyo, mifupa inauma, na kwamba ni ukosefu wa vitamini C. Niliiona picha. Niliitazama mara mbili. Halafu nikafunga kitabu, kwa sababu mtoto huyu alikuwa anakunywa juisi mara mbili kwa siku na juisi ilikuwa na kadi, na kadi ilikuwa na sahihi yangu. Haikunijia akilini kwamba kitabu na mtoto wanaweza kuwa sahihi, na mimi nikawa nimekosea. Siku kumi zilipita hivyo, na mtoto alilia katika kila moja.

Nyanya ndiye aliyechoka kwanza. Watu wa kijiji chake walikuwa wamepanda mlimani na mafuta ya mawese na nyama kavu kuuza sokoni, na Ijumaa wangerudi. Akasema atarudi nao. Kwao kuna wazee wanaojua kumwombea mtoto kwa njia ya zamani, na kama njia hiyo nayo itashindwa, afadhali mtoto afe mahali ambapo mama yake amezikwa. Papa alimwambia hayo ni mambo ya giza. Alimjibu kwa utulivu tu:

"Papa, mwangaza yenu nimeikalia miezi sita. Mutoto hawezi ata kukaa."

Sote tulijua safari hiyo ni nini. Siku nne za utelezi, mito, na madaraja ya gogo moja ambako lazima mikono iwe huru. Kumbeba kwenye lungo mtoto anayelia akiguswa, hadi Walikale, ilikuwa sawa na kumpeleka kumzika. Yeye pia alijua. Nilimwona akishona upya pindo la kile kitambaa alichomlazia, kwa makini mno, nikaelewa anashona nini.

Jumatatu ya wiki ile ilikuwa Jumatatu yangu ya kupima. Nyanya alikuwa ameketi kwenye baraza ya labo, mahali penye jua la asubuhi, lungo magotini. Mama wa jikoni akaja na kopo lake la enameli, akanisalimu kwa kupiga goti kidogo kama kawaida, akaliweka mezani, akarudi kazini. Nilimimina kiasi nilichohitaji, na kikabaki zaidi ya nusu. Mtoto alikuwa ananung'unika kwa kiu. Nikatoka na kopo, nikamwita Koko, kama tunavyowaita bibi wote kwetu.

"Koko, umupatie hii kidogo."

Alilipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kumpa mtoto alionja mwenyewe, kama wanavyofanya wanawake wote wenye akili. Akakunja uso. Akaonja tena.

"Hii iko kitu ingine," akasema.

"Iko juisi ya marakuja, Koko. Njo ile anakunywaka kila siku."

"Apana. Hii inachoma ulimi. Ya mutoto haichome. Ya mutoto iko sawa maji ya sukari ya jana, na inaacha mukinywa ladha ya kisu."

Nilikasirika. Naona aibu kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilihisi mama mmoja kutoka msituni ananifundisha kazi. Nikamwambia, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba ni kitu kimoja, kinatoka jiko moja, na mimi ndiye ninayekipima. Hakukasirika. Alinitazama tu kwa macho yake yale.

"Dada, weye ulishakunywaka ya mutoto?"

Sikuwahi. Miaka yote ile nilikuwa nimepima kopo lililoletwa mlangoni kwangu.

Nikaingia ndani, nikachukua kikombe safi cha kioo, nikaenda jikoni kwa miguu yangu. Watoto walikuwa wanagawiwa. Mama wa jikoni alikuwa anachota kutoka karai kubwa la shaba, lile ambalo mke wa mwenye shamba la kahawa alikuwa akipikia konfitiri, ile jamu ya matunda, akatuachia alipoondoka. Nje karai liling'aa jekundu, maana lilisuguliwa kwa majivu kila siku.

"Mama, uniwekee hapa."

Aliona kikombe changu, akashtuka kama nimemwomba anitemee mate.

"Ile? Apana, dada! Ile iko ya batoto. Ilipikwa jana. Kama ile ya asubui haikutosha, nitakukamulia ingine sasa hivi."

"Kwani ile unaniletaka, unakamuliaka mimi peke yangu?"

"Ndiyo." Alinijibu kwa fahari, maskini. "Matunda ya kuiva, na kitambaa safi. Weye njo muntu ya kazi kubwa. Naweza kukuletea maji ya kulala mu karai? Mama yangu hakunifundisha vile."

Hakudanganya mtu. Hakuiba kitu. Alinifanyia heshima, ile ile ambayo mama yangu angeifanya, na mimi pia: mtu wa maana akiingia nyumbani humpi kiporo, unamkamulia kipya. Na mimi, mkemia wa milima yote, niliishi mwezi hadi mwezi nikipima adabu ya mama wa jikoni na kuiandikia kadi.

Aliendelea kunieleza bila kuulizwa, akidhani namlaumu kwa uchafu. Baada ya kuhara kwa msimu uliopita, Papa alikuwa ameamuru kila kitu cha watoto kichemshwe. Basi yeye aliikamua juisi mchana, akaichemsha kwenye karai mpaka ikatoa povu, akatia sukari, akaiacha humohumo ilale, asubuhi akagawa. Alikuwa anafanya kazi maradufu ya ile ya zamani na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Nilirudi labo na kikombe chake. Niliweka juisi ndani ya maji yale ya siki na chumvi tunayotumia ili kila kitu kisimame mahali pake, nikafungua mpira wa damajani, nikaacha gesi ya ndizi ipite dakika kumi na tano. Nikashusha kile kijibomba cha kioo. Matone yakaanza. Nikaongeza umeme hatua kwa hatua, nikasogea kuelekea mahali pa vitamini, nikafika, nikapapita. Kidoa hakikuruka. Kilitambaa kama mtu anayepita mbele ya nyumba ambayo imehamwa. Nikarudia kwa juisi nyingine ya kikombe kilekile. Vilevile.

Halafu, nilipoendelea upande wa pili, kikaruka. Ngazi ndogo, iliyo wazi, imegeukia kule kwingine. Sikuhitaji kufungua kitabu. Nilikuwa nimelichora wimbi hilo mara thelathini nikiwa msichana wa kuosha vyupa. Shaba. Asidi ya tunda ilikuwa imelilamba karai usiku kucha, na shaba ikiingia kwenye juisi ya moto iliyo wazi kwa hewa huila vitamini C mpaka isibaki. Ladha ya kisu, alisema nyanya. Ulimi wake ulikuwa umeipata kabla yangu.

Nilichukua karatasi mbili, ya kopo la enameli na ya karai, nikaenda kwa Papa. Nilimwekea mbele ya macho, moja juu ya nyingine.

"Hii njo juisi yangu. Hii njo ya batoto."

Hakujua kemia, lakini macho alikuwa nayo. Alifuata mstari wa kwanza kwa kidole ukapanda ngazi. Akafuata wa pili, ukalala njia nzima. Nilijua anawaza nini: amri ya kuchemsha ilikuwa yake.

"Na kadi yako pa mulango?" akauliza hatimaye.

"Kadi yangu ilidanganya, Papa. Naenda kuibandua."

Nadhani hilo ndilo lililomlainisha. Kama ningekuja kumlaumu yeye peke yake, tungebishana mpaka Ijumaa, maana sote wawili tulikuwa na shingo ngumu. Hata hivyo alibaki na hofu yake, nayo ilikuwa ya haki: juisi mbichi ilikuwa imewaharisha watoto, na mmoja akihara sana katika hali ile hapati nafasi ya pili. Nikamwambia tuchemshe maji badala ya juisi. Tuoshe matunda kwa maji yaliyochemshwa, tuchemshe kopo na kisu na kitambaa, tukamue mbele ya mtoto, anywe papo hapo. Karai la shaba liwe la kuoshea nguo tu.

"Na ikiharibika?"

"Iko kwa kichwa yangu."

"Kwa yetu mbili," akasema Papa, akavaa koti.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilienda barazani, nikachuchumaa mbele ya nyanya ili macho yetu yalingane, nikamwambia kwamba juisi ya mtoto ilikuwa imekufa, kwamba miguu yake haikupooza bali ina njaa, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa naandika kila mwezi kwamba juisi ni nzuri. Nilitegemea anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Karatasi yako niliionaka," akasema. "Sijue kusoma. Lakini niliona munaiheshimu sana." Kisha akanionyesha mtoto kwa kidevu. "Sasa ukamue."

Nikakamua mwenyewe. Papa aliosha matunda, mikono ya shati imekunjwa, na mama wa jikoni alisimama nyuma yetu akilia kwa sauti ndogo, mpaka nyanya akamwambia aache, alete sukari, hakuna aliyekufa bado. Mtoto alikunywa kijiko kwa kijiko, akikunja uso kwa uchachu. Katika kila kopo nilichota kijiko kimoja cha kwenda kupima, kutoka mkononi mwa nyanya, baada ya mtoto kunywa nusu. Tangu siku ile sijapima tena kitu cha kunywa ambacho sikukichota mdomoni kwa mnywaji.

Jumanne hakuna kilichobadilika, nami nilikula chakula bila kukijua ladha. Jumatano mtoto alilala mchana bila kushtuka. Kitabu kilisema maumivu hupungua ndani ya siku chache, na nilikuwa nakiamini kitabu, lakini sasa niliamini karatasi kwa tahadhari. Alhamisi, nyanya alimbadilisha mtoto kitambaa, naye akalalamika tu, kama mtoto yeyote anayesumbuliwa. Papa alikuja kuangalia mara nne. Mtoto hakuhara. Hakuna mtoto aliyehara.

Ijumaa asubuhi watu wa Walikale walikuwa tayari barabarani, vyombo vyao vya mafuta vitupu vimefungwa vichwani, wakiita. Nyanya alitoka na lungo lake. Nilimsihi abaki wiki mbili zaidi. Alisema mvua inakaribia, na kwao kuna ndimu na mapera ya kutosha, na amejifunza kukamua. Ila akasema pia, na hili alilisema bila kupepesa, kwamba kama mtoto hawezi kukaa mgongoni leo, basi atabaki.

Akatandika kikwembe, ile nguo ya kumbebea mtoto, kwenye majani. Akainama sana, mpaka mgongo wake ukawa sawa kama meza. Mama wa jikoni akamwinua mtoto kwapani, polepole, na hapo ndipo miguu ilipaswa kufunguka ipite huku na huku ya kiuno cha nyanya. Papa alikuwa amesimama mikono nyuma, midomo ikitembea. Mimi nilishindwa kutazama. Mtu mzima, nikageukia ukuta, nikaweka paji la uso kwenye tofali, nikangoja kile kilio.

Nilingoja. Nikasikia kikwembe kikivutwa na kufungwa fundo. Nikasikia watu wa barabarani wakiuliza kuna nini. Nikadhani bado hajamweka, nikageuka kumwambia asifanye.

Alikuwa amesimama wima, mikono yake yote miwili mitupu, ameinyoosha mbele yake na kuitazama kama vitu vilivyorudishwa na mtu aliyeazima. Lungo lilikuwa chini. Mgongoni mwake mtoto alikuwa ameshika ncha ya kilemba chake anaitafuna, na mguu mmoja mdogo, uliochomoza chini ya kikwembe, ukampiga ubavuni, ukampiga tena.

"Utaniua na hii miguu yako," nyanya akamwambia, akaanza kuteremka.